Mashanza Niliyoyafunga Mno

Nilifika Walikale nimevaa triko mbili, sweta za sufi, na koti juu yake, na mtu wa kwanza kunipokea hakuwa dada yangu. Alikuwa wifi yake, mdogo wa mume wake, msichana wa umri wangu. Alisimama mbele ya nyumba miguu mitupu, kitenge kimefungwa kifuani, mtoto wa dada yangu amelala begani mwake kana kwamba hajawahi kulala kwingine. Aliniangalia kutoka kofia hadi viatu.

"Karibu, dada. Toa kwanza hii koti, utakufa."

Nilimjibu kwamba sisikii joto. Jasho lilikuwa linatiririka mgongoni mwangu hadi ndani ya soksi.

Niseme mapema, ili nisihurumiwe bure: nilianza kumchukia huyo msichana miezi mitatu kabla sijamwona. Nilimchukia kwa njia ya simu. Kila mara dada yangu aliponitumia ujumbe wa sauti, nyuma ya sauti yake kulikuwa na sauti nyingine ikicheka, ikimwimbia mtoto, ikiuliza chumvi iko wapi. Na dada mwenyewe hakuchoka. Wifi yangu amemwogesha mtoto. Wifi yangu ananipepea mchana nikilala. Wifi yangu amesema hivi, wifi yangu amesema vile. Nilisikiliza kila ujumbe mpaka mwisho, halafu nikaurudia, kama mtu anayebonyeza jino linalouma.

Dada yangu ananizidi miaka saba. Kwetu ni juu ya Muheto, huko Masisi, kwenye vilima vya malisho, ambako asubuhi umande unalowesha suruali hadi magotini na mtu anakamua ng'ombe huku meno yanagongana. Tulilala kitanda kimoja, blanketi moja, mimi upande wa ukuta. Miguu yangu ilipokuwa barafu aliibana katikati ya miguu yake bila kuamka. Na zile mara tulizokimbia vita, maana tulikimbia zaidi ya mara moja, hadi tukaishi mwaka mzima katika kambi ya Kitshanga, hakuwahi kuniambia "kimbia". Alinishika tu mkono wa kushoto, sijui kwa nini daima wa kushoto, na miguu yangu ikafuata. Shule yangu iliishia kambini. Yeye ndiye aliyeniokotea vitabu visivyo na majalada, nikajifundisha mwenyewe kuandika, ukurasa baada ya ukurasa. Hata leo nikikosea herufi moja nachana karatasi yote. Alipoolewa Walikale nilibaki na blanketi peke yangu. Watu walisema nina bahati.

Basi aliponiambia kwa simu, "Kuja unione, nitakutembeza muji," mimi nilisikia: kuja ukae. Mzazi mpya anahitaji mtu wa kwao. Hilo kwetu halijadiliwi. Nilifunga nguo za miezi mitatu. Mama aliona ukubwa wa begi langu, akarudi kukamua.

Nilijiandaa kama mtu anayekwenda kufanya mtihani. Niliwauliza wote waliowahi kushuka Walikale jinsi ya kushinda joto la kule, nikaandika majibu yao katika daftari kwa rula na kalamu ya bluu. Kunywa maji kabla ya kiu. Tembea upande wenye kivuli. Funika kichwa. Weka kitambaa chenye maji shingoni. Nilikariri yote. Hakuna hata mmoja aliyeniambia nivue koti, kwa sababu wote walikuwa watu wa kwetu, na wote walishuka na makoti yao na kurudi nayo. Kwetu mtu haingii kwa wakwe bila koti. Ukiingia bila koti watafikiri umekimbia kitu njiani.

Nilibeba pia mashanza, maziwa yaliyoganda, lita tano ndani ya bidoni, dumu la njano la plastiki. Mwanamke aliyezaa anapelekewa maziwa ya kwao, hilo nalo halijadiliwi. Niliyagandisha mwenyewe, nikayaonja kila siku mpaka yakawa kama ninavyotaka: mazito, laini, bila chembe. Kisha nikakaza kifuniko kwa nguvu zangu zote na kukifunga kwa kamba ya mpira juu yake, ili tone moja lisimwagike.

Pikipiki ilituchukua siku mbili, mimi na mwendeshaji. Baada ya Nyabiondo vilima vilianza kuinama, miti ikakaribiana, na hewa ikawa nzito kama ya jikoni pakichemshwa maharagwe. Nililaza bidoni mapajani kama mtoto. Tulipofika ilikuwa imevimba kidogo ubavuni. Nikaona ni uzuri wake, imeshiba.

Dada yangu alitoka ndani akanikumbatia, akaniachia upesi sana. "Eeh, uko moto kama mandazi!" akasema, akacheka. Alikuwa amenona, amependeza, amevaa gauni jepesi ambalo Mama angeliita la kulalia. Nilimpa bidoni kwa mikono miwili. Alishukuru, akaiweka chini kivulini, akanywa maji ya mtungi.

"Nitakunywa kesho, roho yangu. Sasa hivi tumbo inataka maji tu."

Wifi yake aliinama akaigusa bidoni kwa vidole. "Dada, fungua kidogo ipumue. Iko inavimba."

"Kwetu maziwa haifunguliwi ovyo," nikasema.

"Sikusema ovyo. Nimesema kidogo."

Alipoondoka nilikikaza kifuniko zaidi.

Mchana ule watu wote wa nyumba walilala, maana saa ile Walikale hakuna anayefanya kitu. Dada alijinyoosha juu ya mkeka, nami nikalala ubavuni mwake kama zamani, mgongo kwenye tumbo lake. Nilikuwa nimesubiri kitu hicho tangu alipoolewa. Haikupita dakika moja.

"Sogea, joto," akasema, macho yamefumba.

Nilisogea. Alisema tena, nikasogea tena, mpaka nikafika ukutani. Upande wa pili wifi yake alikuwa amekaa anampepea kwa kipepeo cha ukindu, mkono ukienda polepole bila yeye kuuangalia. Upepo wake ulifika mpaka kwangu. Niligeukia ukuta ili usinifikie.

Matembezi yalipangwa kesho yake. Wifi alisema tuondoke saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijakumbuka kazi yake. Mimi ndiye niliyechelewesha. Sketi yangu ilikuwa na mikunjo ya safari, nikaomba pasi ya makaa, nikanyoosha, nikaona mkunjo mmoja umepinda, nikaanza upya. Nilitaka dada yangu atembee mjini na mtu asiye na dosari. Tulitoka saa tatu. Jua lilikuwa tayari juu ya mabati, na ile hewa yenye maji ilinikaa usoni kama kitambaa cha kuoshea sahani. Triko mbili, koti, kofia, kitambaa chenye maji shingoni kama daftari lilivyoagiza. Kitambaa kile kilipata moto kabla hatujafika barabara kubwa.

Na bidoni mkononi. Dada aliniuliza kwa nini naibeba. Nilisema nitamimina mashanza tukifika darajani, tunywe baridi tukitazama mto. Hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni kwamba niliogopa tukiiacha nyumbani, watu wa nyumba ile wataifungua, na dada atakunywa maziwa yangu kutoka mkono usio wangu.

Tulitembea kwa mtindo ambao sikuuelewa mwanzoni. Hatukufuata barabara. Tulikata kushoto kati ya nyumba mbili za udongo, tukasimama, tukaenda mbele, tukasimama tena kwenye mlango wa pembeni wa kanisa, tukazunguka ghala la mawese, tukasimama. Nilifikiri wifi amepotea. Baadaye nikagundua kwamba kila tuliposimama, gauni la dada yangu lilikuwa linacheza. Msichana yule alijua upepo unapita wapi. Alikuwa anatupeleka kutoka upepo hadi upepo, kama mchungaji anayejua maji yako wapi, na katikati alituharakisha.

"Hapa simama," alisema, "hii inatoka ku mto. Haimalizake."

"Umeona?" dada akaniambia, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeonyesha mali. "Huyu mimi namwita mkuu wa upepo."

Mimi upepo sikuusikia. Ulikuwa unagonga koti langu na kurudi. Lakini nilisikia vizuri neno lile, mkuu wa upepo. Mimi dada yangu hakuwahi kunipa cheo.

Dada alinionyesha mji kwa furaha. Pale ndipo wanapoabudu. Pale mume wake anafundisha. Huyu mama ndiye aliyemkanda baada ya kuzaa. Niliitikia kila kitu, na leo sikumbuki hata rangi ya kanisa. Nilikuwa nahesabu mara ambazo alimgeukia wifi badala yangu. Wifi alikata jani pana la msituni, akamfunika mtoto kichwa. Akakata la pili akampa dada. Akakata la tatu akaninyooshea.

"Niko na kofia," nikasema.

"Kofia inapika. Jani inapoza."

"Niko na kofia."

Akaliweka kichwani mwake mwenyewe, bila hasira. Hilo lilinichoma zaidi. Nilitamani angalau akasirike, tuwe wawili.

Tulifika sokoni kichwa changu kinavuma. Samaki waliokaushwa kwa moshi, viwavi kwenye masinia, mawese mekundu kwenye chupa, mikungu ya ndizi chini. Niliweka bidoni juu ya jiwe, kwenye jua, ili nipumzishe mkono. Ilikuwa imejaa kama ngoma. Mwanamke wa samaki aliitazama.

"Ni nini hii? Mawese ya kwenu?"

"Ni mashanza ya Masisi," nikasema kwa sauti kubwa, nikimtazama wifi. "Hii njo maziwa yenyewe."

Dada akasema, "Basi tuonje, mbona tunangoja daraja?" Na moyo wangu ukaruka, kwa kuwa aliomba mwenyewe, mbele ya watu. Nikatoa ile kamba ya mpira.

Sikumaliza hata kushika kifuniko. Kililipuka. Mlio wake, kwa kitu kidogo kama kile, nausikia mpaka leo: pa! Mkavu, mmoja. Maziwa yakapanda juu yakaniangukia kichwani.

Na soko lote likaanguka chini.

Nyinyi mnaokaa mbali mtanisamehe, lakini sisi tunaujua mlio ule. Wanawake walilala kifudifudi juu ya ndizi. Masinia ya viwavi yalipinduka. Mtu alipiga kelele jina la mtoto wake. Mimi nilibaki nimesimama, kwa sababu ni mimi peke yangu niliyejua kwamba ni maziwa, na kwa sababu nyingine ninayoiona aibu kuiandika: nilikuwa nimeunyoosha mkono wangu wa kushoto, nasubiri.

Dada yangu aliruka. Macho yake hayakuwa yanaona kitu. Alishika mkono wa wifi yake, akamvuta, wakakimbia wote watatu, yeye na wifi na mtoto, wakajitupa nyuma ya kibanda cha mawese.

Nilisimama pale na maziwa yakinidondoka kwenye kope.

Kisha mwanamke wa samaki akainua kichwa, akanitazama, akatazama bidoni iliyolala ubavu huku inatoa povu.

"Weye mama wa maziwa!" akasema. "Karibu utuue na woga!"

"Kumbe ng'ombe za Masisi zinapiga bombi!" mwingine akapaza sauti kutoka chini ya meza, na kicheko kikaanza, kile cha watu ambao bado wamelala kifudifudi. Kikaenea mpaka mwisho wa soko. "Muikamate hii ng'ombe!" "Muulize iko ya kundi gani!" Mama mmoja alicheka huku analia, akifuta machozi kwa ukingo wa kitenge. Nami nikaokota kifuniko, nikawa nakitafutia mahali pa kukipachika, kana kwamba jambo la haraka kuliko yote lilikuwa kuifunga tena bidoni.

Dada alirudi. Hakucheka. Alinishika uso kwa mikono miwili, akaufuta. Ila mimi nilikuwa nimeshaona nilichokiona.

Ni wifi aliyenipeleka mtoni. Alimpa dada mtoto, akanishika kiwiko, akanishusha chini ya daraja la mto Lowa ambako wanawake wanafua. Aliniambia vua. Sikuwa na nguvu ya kubisha, na maziwa yalikuwa yameanza kunuka. Nilivua kofia, koti, triko ya kwanza, triko ya pili, shati la ndani. Kila nguo ilipoondoka alisema "eeh" kwa sauti ndogo. Alinimwagia maji ya mto kichwani kwa bakuli la plastiki, akanisugua nywele kama anavyomsugua mtoto. Kisha akafungua kitenge chake cha juu, akabaki na cha chini, akanifunga hicho begani.

Tulipopanda darajani upepo wa mto ulinipiga mabega. Sijui nieleze vipi. Ngozi yangu yote ilikuwa kama imefunguliwa mdomo. Kule kwetu upepo ni adui, tunaufungia dirisha. Huu ulikuwa unanitafuta mimi, unaingia kwapani, shingoni, nyuma ya masikio. Nilichukia jinsi ulivyokuwa mtamu, kwa kuwa nilikuwa nimepewa na yeye.

Alikwenda kufua nguo zangu, akatuacha, mimi na dada na mtoto, tumeegemea chuma cha daraja. Niliuliza kabla sijajizuia, nikimwita yaya, dada mkubwa, kama kwetu.

"Yaya, ju ya nini umemshika yeye?"

Hakujifanya kutoelewa.

"Mutoto alikuwa mu mikono yake," akasema. "Nimeshika ule mukono wenye mutoto. Sikuangalia ni wa nani."

Nilitaka kumwamini. Jibu lilikuwa sahihi kabisa, lisilo na dosari, na mimi najua majibu ya namna hiyo, kwa kuwa nayatengeneza mwenyewe. Nikaendelea.

"Nibaki huku? Nikusaidie? Nimeleta nguo."

"Nimeona begi." Akatabasamu, halafu akaacha kutabasamu. "Hapana, mudogo wangu. Msaada niko nao. Mama iko na nani kule? Mimi sikukuita ufanye kazi. Nilitaka tu uone hapa, fasi ninaishi. Kila siku najiuliza, huyu akiniwaza, ananiweka wapi? Mu nyumba gani? Sasa angalia basi. Angalia."

Akanionyesha kwa kidevu: mto, mabati, msitu unaoanza mahali nyumba zinapoishia. Nilitazama. Niliona wifi yake chini kwenye mawe, anakamua koti langu, analikung'uta, analianika juani kwa uangalifu, mikono ya koti imenyooshwa. Hakuna kingine nilichokiona.

Nilikaa siku tano. Nilitembea saa kumi na mbili asubuhi na kitenge begani, nikajifunza vituo vyote vya upepo: kati ya nyumba mbili, mlango wa kanisa, ghala, daraja. Siku ya nne nilivijua bila kuongozwa, nikamtangulia wifi makusudi, dada aone. Dada alikuwa anamnyonyesha mtoto, hakuona. Siku ya tano nilivaa koti nikapanda pikipiki. Wifi alinipa jani la njiani, nikalipokea.

Na bado sijapona. Ningependa kuandika kwamba nilimpenda, na nimejaribu sentensi hiyo mara nne, kila mara nimeichana. Nilichofanya ni hiki. Mwezi uliofuata niligandisha mashanza mengine, bora kuliko yale. Nilitoboa kifuniko kwa msumari wa moto, tundu dogo, nikaliziba kwa nyasi kavu ili hewa itoke na maziwa yasitoke. Sikuwa nimefundishwa na mtu, isipokuwa yeye, kwa maneno yale machache. Mwendesha pikipiki nilimwambia akipumzika aiweke kivulini na aisikilize. Ikilia kama paka, iko sawa. Alinitazama kama mwendawazimu.

Siku tatu baadaye ujumbe wa sauti ulifika. Nilitoka zizini nikausikiliza nimesimama kwenye umande, mikono imekufa ganzi. Haikuwa sauti ya dada.

"Dada, bidoni imefika. Haikupasuka, iko inapumua muzuri. Yaya wako amekunywa bakuli mbili, amelala. Mimi nimekunywa tatu, usimwambie."

Nyuma yake, mbali kidogo, dada yangu alikuwa anacheka. Nilirudisha ujumbe mwanzo, nikausikiliza tena, na tena, nikijaribu kusikia anacheka nini, kama aliambiwa juu yangu, kama bakuli mbili ni nyingi au ni chache kwa mtu aliyekua kwa maziwa yetu. Ng'ombe alikuwa ananingoja akamuliwe. Nilihesabu upya: mbili kwake, tatu kwa yule. Kisha nikaenda kutafuta bidoni kubwa zaidi.